Jino Lililonyamaza Halijapona

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu huliogopa sana, nalo ni kung'olewa jino.

Nitakueleza kwa nini jino huuma, kwa nini wakati mwingine huacha kuuma bila kupona, ni nani anayefaa kuling'oa, mambo yanayofanyika ukiwa kwenye kiti cha daktari, na jinsi ya kujitunza ukirudi nyumbani. Kama una kalamu iweke karibu, kwa sababu kuna dalili za hatari nitakazozitaja ambazo ni vizuri uziandike.

Tuanze na jino lenyewe. Mtu mzima aliyekamilika huwa na meno 32. Mtoto huwa na meno ya utotoni 20. Kwa nje, jino ni gumu kuliko mfupa. Lakini ndani yake kuna chumba kidogo chenye mishipa ya damu na neva, yaani mshipa wa fahamu unaoleta maumivu. Vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari tunayokula sisi, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino polepole. Kwa hivyo chai yenye sukari nyingi mara tano kwa siku, soda, na muguka unaotafunwa pamoja na peremende kuanzia saa nane hadi jioni, vyote huvipa vijidudu hivyo karamu isiyokwisha.

Mwanzoni utahisi jino linashtuka ukinywa maji baridi au ukila kitu kitamu. Hapo tundu bado ni dogo na jino linaweza kuzibwa. Ukingoja, vijidudu hufika kwenye kile chumba cha ndani. Sasa jino linadunda kama ngoma, hasa usiku ukilala, kwa sababu ukijilaza damu huongezeka kichwani. Kidole kikivimba kinatanuka. Jino haliwezi kutanuka, kwa hivyo uvimbe wote unabanwa mle ndani. Ndiyo maana mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kulia kama mtoto kwa sababu ya jino moja.

Sasa nisikilize vizuri. Baada ya siku au wiki kadhaa, maumivu hayo yanaweza kukoma ghafla. Unaamka asubuhi, unagusa jino kwa ulimi, kimya. Unamshukuru Mungu, unatupa zile dawa, unarudi shambani. Lakini kilichotokea ni kwamba neva imekufa. Kengele imekatika, moto bado unawaka. Vijidudu sasa vinashuka kupitia mzizi wa jino hadi kwenye taya, na huko vinatengeneza usaha. Usaha huo utatafuta njia ya kutokea. Ukitokea kwenye ufizi, utaona kijipu kidogo. Ukishuka chini ya taya na chini ya ulimi, unaweza kufunga njia ya hewa.

Nikupe mfano. Kijana mmoja mchimba vito aliletwa kituoni na mamake. Gego lake la chini lilikuwa limemuuma karibu wiki tatu. Alinunua vidonge dukani, viwili leo, vitatu kesho, kadiri ya pesa alizopata. Maumivu yakakoma, akarudi mgodini. Baada ya siku kama kumi shingo ikavimba. Alipofika kwetu kinywa kilikuwa hakifunguki hata kwa upana wa kidole kimoja, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye kiazi moto mdomoni. Nilipomuuliza kuhusu jino, alinijibu, "Jino haliumi tena, sista. Ni hii shingo tu." Mamake naye akaniuliza, "Kwani jino linaweza kumfanya mtu hivi?"

Ndiyo mama, linaweza. Mwaka wa 1836 daktari mmoja wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliandika juu ya ugonjwa huu wa uvimbe mgumu chini ya taya na ulimi, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kabla ya dawa kama penisilini kupatikana, zaidi ya nusu ya waliougua walikufa, wengi kwa kukosa pumzi. Mara nyingi chanzo chake ni gego la chini lililooza. Kijana wetu aliwahishwa hospitalini, akapasuliwa usaha ukatoka, akatiwa dawa kwa mshipa, na lile jino likang'olewa. Alipona. Lakini jino ambalo lingetolewa kwa asubuhi moja lilimlaza wodini siku nyingi, na mamake aliuza mbuzi wawili.

Kwa hivyo hizi hapa dalili za hatari. Andika. Kwanza, uvimbe wa uso au shingo unaoongezeka. Pili, kinywa kushindwa kufunguka kwa upana wa vidole viwili. Tatu, kushindwa kumeza hata mate. Nne, ulimi kuinuliwa na uvimbe ulio chini yake, au sauti kubadilika. Tano, homa na kutetemeka. Sita, jicho kuvimba na kuanza kujifunga. Saba, kupumua kwa shida. Ukiona hata moja ya hizi, usingoje Jumatatu wala siku ya soko. Nenda hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mgonjwa aketi wima njiani, asilazwe chali, kwa sababu akilala chali ulimi na uvimbe vinaweza kuziba koo. Na kwa sababu huku kwetu ndovu hutembea usiku, usimpeleke mgonjwa kwa miguu. Mpigie simu mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au kituo cha afya ili mtafutiwe gari.

Labda unajiuliza, "Si ninaweza kumeza antibiotiki tu, uvimbe ukashuka?" Uvimbe unaweza kushuka, ni kweli. Lakini dawa husafiri ndani ya damu, na jino lililokufa halipati damu tena ndani yake. Dawa inafika mlangoni, haiingii chumbani. Ukimaliza kumeza, vijidudu vilivyojificha ndani ya jino vinatoka tena. Na ukimeza nusu dozi, unavifunza kuizoea dawa. Dawa ni msaada wa daktari, lakini tiba ni kuondoa chanzo: kusafisha na kuziba mzizi wa jino, au kuling'oa.

Usiweke asidi ya betri, petroli au tumbaku kwenye tundu la jino. Vitu hivyo huunguza ufizi na shavu, na jino linabaki bovu vilevile. Hata aspirini, ukiibandika kwenye ufizi, itakuchubua. Na usikubali kung'olewa na mtu yeyote mwenye koleo la fundi. Jino likikatika na mzizi ukabaki ndani, umenunua tatizo jipya kwa pesa zako mwenyewe. Tena chombo kisichochemshwa vizuri kinaweza kukuachia homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Je, basi uende kwa nani? Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Sisi tutakuangalia, tutakupa dawa ya kupunguza maumivu, na tutakuandikia barua ya kukuelekeza mbele. Kutoka hapa Rukanga wengi wetu hupitia Maungu na kufika Voi, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi. Huko meno huhudumiwa na wataalamu waliosomea kazi hiyo. Wapo maafisa wa afya ya kinywa, na wapo madaktari wa meno wenye shahada. Hapa Kenya masomo ya udaktari wa meno yalianza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1974, kwa hivyo wazazi wetu wengi walikua bila hata kumwona daktari wa meno. Usishangae basi kwamba hofu bado ni nyingi.

Jino la kawaida linaweza kung'olewa na hao niliowataja. Lakini kuna meno yanayohitaji daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Hilo ni jino lililolala upande ndani ya mfupa, hasa gego la mwisho, ambalo huota kati ya miaka 17 na 25. Ni jino lililovunjika mzizi ukabaki ndani kabisa. Ni jino lililo karibu sana na neva kubwa ya taya, au lenye uvimbe wa ajabu kwenye mfupa. Kwa kesi kama hizo unaweza kupewa rufaa hadi Mombasa, katika hospitali ya Coast General. Usione kama umetupwa. Fundi wa baiskeli hafungui injini ya lori, hata kama ni fundi hodari.

Kabla ya kusafiri, uliza mambo mawili. Uliza siku za kliniki ya meno ili usifike ukaambiwa urudi. Uliza pia juu ya malipo. Ile bima ya NHIF tuliyoizoea ilimaliza kazi yake, na tangu Oktoba 2024 tuna Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Kama hujajisajili, jisajili sasa ukiwa mzima, na uulize hospitali ni huduma zipi za meno zinazolipiwa. Kunywa chai na ule kabla ya kwenda, isipokuwa umeambiwa utalazwa usingizi kabisa. Wengi huzimia kwenye kiti kwa sababu ya njaa na hofu, si kwa sababu ya jino.

Ukifika, mweleze daktari ukweli wote. Mwambie kama una ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, pumu, seli mundu, au ugonjwa wa moyo. Mwambie kama damu yako huwa haikatiki haraka, au unameza dawa za kuyeyusha damu. Dawa hizo usiziache mwenyewe, daktari ndiye atakayeamua. Mwambie kama unatumia dawa za ARV. Hatakufukuza, watu wanaoishi na virusi hung'olewa meno na kupona kama wengine. Kama una mimba, sema. Mama mjamzito anaweza kung'olewa jino, na muda mzuri zaidi ni miezi mitatu ya katikati. Lakini jino lenye usaha halingoji miezi, kwa hivyo asikae nalo.

Sasa tuingie chumbani. Daktari atakuangalia, na huenda akakupiga picha ya eksirei ili aone mizizi imekaaje. Atakueleza anachotaka kufanya na utatia sahihi kwamba umekubali. Hapa ndipo pa kuuliza maswali. Usione haya. Kisha atakudunga sindano ya ganzi kwenye ufizi. Sindano inachoma kidogo, kama mwiba wa mgunga. Baada ya dakika chache mdomo utahisi mzito, kama si wako.

Hebu fikiria watu wa zamani walivyofungwa kamba na kushikwa na wanaume wanne. Mnamo Desemba 1844, huko Hartford nchini Marekani, daktari wa meno aitwaye Horace Wells alivuta gesi ya kumpunguzia fahamu, kisha akaketi yeye mwenyewe ang'olewe jino na mwenzake. Hakuhisi maumivu yale aliyoyazoea kuyaona kwa wagonjwa wake. Daktari mwenyewe alikubali kuwa mgonjwa wa kwanza. Tangu siku hizo ganzi imeboreshwa sana, na leo unaipata Voi bila kushikwa na mtu.

Ganzi ikishika, utasikia daktari akisukuma na kutikisa jino, na utasikia mlio. Hiyo ni kawaida. Kusukumwa utakuhisi, lakini maumivu makali hutakiwi kuyahisi. Ukiyahisi, inua mkono, utaongezewa dawa. Kama ni lile gego lililolala, daktari bingwa atapasua ufizi kidogo, ataondoa mfupa kiasi kwa mashine ndogo huku maji yakimiminwa, na huenda akalikata jino vipande ili litoke bila kuvunja taya. Halafu atakushona. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, nyingine hutolewa baada ya kama wiki moja. Akuambie pia hatari zilizopo, kwa mfano mdomo kubaki na ganzi kwa muda ikiwa neva imeguswa.

Kuna maneno mawili ninayoyasikia kila mara. La kwanza ni kwamba ukitolewa jino la juu utapofuka. Si kweli. Neva ya kuonea haipiti kwenye jino. Jino bovu lililoachwa ndilo linaloweza kupeleka usaha hadi karibu na jicho. La pili ni kwamba jino haling'olewi uso ukiwa umevimba. Watu wanasikia hivi wanakaa nyumbani wakingoja uvimbe ushuke. Ukweli ni kwamba penye usaha ganzi haishiki vizuri, kwa sababu usaha una asidi. Kwa hivyo daktari anaweza kudunga mbali kidogo, au kutoa usaha kwanza, au kukulaza usingizi. Lakini huo ni uamuzi wa daktari akiwa amekuona. Kazi yako wewe ni kufika.

Jino limetoka. Utapewa kipande cha pamba ya hospitali ukiume kwa nguvu kwa nusu saa hadi dakika arobaini na tano. Usikitoe kila mara kuangalia. Pale palipotoka jino patajaa bonge la damu. Bonge hilo ndilo bandeji yako, litunze. Kwa saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, usinywe pombe, na muguka uache kabisa mpaka kidonda kipone. Kula vitu laini visivyo vya moto: uji uliopoa, maziwa, ndizi, pojo zilizopondwa. Tafunia upande wa pili. Usile mdomo ukiwa bado na ganzi, unaweza kujiuma shavu usijue. Ukilala, inua kichwa kwa mto wa ziada.

Siku ya pili anza kusukutua polepole kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, kila baada ya kula. Piga mswaki meno mengine kama kawaida. Baada ya upasuaji, uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, halafu huanza kushuka. Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza yasikutishe. Lakini damu ikitoka kwa wingi, keti wima, uma kitambaa safi kilicholowanishwa kwa nusu saa nyingine. Isipokoma, rudi hospitalini. Rudi pia ikiwa siku ya pili hadi ya nne maumivu yanazidi badala ya kupungua na kinywa kinatoa harufu mbaya. Huenda lile bonge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Hilo hutibika kwa kusafishwa na kuwekewa dawa. Wavutaji sigara hulipata zaidi.

Msikilizaji, sikuambii kwamba kila jino linalouma ling'olewe. Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Jino ulilopewa na Mungu halina mbadala uliokamilika. Tundu dogo likizibwa mapema, jino linabaki na wewe hadi uzee. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti unasafisha pia, ukiutumia kwa makini pande zote. Punguza sukari katikati ya milo, hasa kwa watoto. Na meno ya rangi ya kahawia kutokana na maji yenye madini si lazima yawe yameoza, kwa hivyo usiyang'oe kwa sababu ya rangi. Yaonyeshe kwanza.

Lakini ikiwa unalo jino lililokuuma sana mwezi uliopita na sasa limenyamaza, lina tundu au limebadilika rangi kuwa jeusi, nakuomba usilihesabu kuwa limepona. Na kama ni mzee wako nyumbani anayesema, "Hili langu lilishaacha," mwambie kwa heshima, "Baba, twende tu likaangaliwe." Nauli ya kwenda Voi na kurudi ni pesa, najua. Lakini ni kidogo kuliko mbuzi wawili, na ni kidogo sana kuliko mtu.

Kwa leo ni hayo tu. Ukiwa na swali, mwulize mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako, au fika kituoni, mlango uko wazi. Wiki ijayo tutazungumza juu ya macho ya watoto wachanga.